Nyumba Isiyo na Bima Iandikwe

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Baleni, Wilaya ya Mafia, juu ya wajibu wao kwa wananchi ambao nyumba zao huharibiwa na dhoruba na mafuriko.



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuwapatia msaada wananchi ambao nyumba zao zimeharibiwa na upepo au maji, ilhali hawana bima. Sikuja kuwafundisha juu ya upepo. Mtu wa kisiwani azijua kaskazi na kusi tangu utotoni, na hahitaji mgeni wa kumweleza bahari inapochafuka. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo dogo zaidi kuliko upepo, nalo ni daftari.

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hapa Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoa maonyo siku kadhaa mfululizo. Kwa bahati njema kilikuwa kimekwisha kupungukiwa na nguvu kilipogusa nchi kavu. Hata hivyo vyombo vya baharini vilisimama, na huko ng'ambo mvua zilizoandamana nacho ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa. Na kabla ya hapo, mnamo Aprili mwaka huo huo, Mto Rufiji ulikuwa umefurika na kuyafunika mashamba na makazi ya ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, watu ambao hututenga nao mlango wa bahari tu.

Wako wanaosema kwamba vimbunga si mambo ya kwetu. Wana sababu ya kusema hivyo, lakini sababu hiyo haitoshi. Ni kweli kwamba kadiri mtu anavyokaribia ikweta, ndivyo ile nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo huupindisha upepo mpaka ukawa kimbunga, inavyozidi kuwa hafifu. Mafia iko karibu na ikweta, na kwa hiyo kimbunga kwetu ni mgeni wa nadra. Lakini mgeni wa nadra si mgeni asiyekuja. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha majumba, kikazamisha vyombo na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita karibu na mpaka wetu wa kusini na kuishukia Msumbiji. Mtu akiitazama miezi hiyo ataona kwamba yote imo katika masika au mwishoni mwake, wakati ambapo ardhi imekwisha kulowa na kuta za udongo zimekwisha kunywa maji. Hata pasipo kimbunga, mvua kubwa ya usiku mmoja ikiandamana na upepo yatosha kuiangusha nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa.

KWA NINI HATUNA BIMA

Ndugu zangu, bima si jambo la ajabu. Watu wengi hutoa kidogo kidogo katika mfuko mmoja, ili yule mmoja atakayepatwa na hasara alipwe kutoka katika mfuko huo. Wazee wetu walijua maana yake kabla ya kulijua neno lenyewe. Mwenzao alipounguliwa na nyumba, huyu alileta fito, yule alileta kamba, na akina mama walikaa uwanjani wakashona makuti. Taifa letu nalo liliuona umuhimu wake mapema, kwani Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, likawa mali ya umma kwa ukamilifu.

Lakini tuseme kweli. Nyumba ya kawaida ya huku ni ya nguzo na fito, imekandikwa udongo, na imeezekwa makuti au mabati. Mwenye bima hutaka kujua thamani ya nyumba, mwaka iliojengwa, na hati ya mwenye nyumba. Hutaka pia malipo kila mwaka kwa tarehe isiyobadilika, ilhali mapato ya mvuvi na ya mkulima wa nazi hayafuati tarehe. Matokeo yake ni kwamba watu wengi, ambao ndio wenye nyumba dhaifu zaidi, wamebaki nje ya mfuko huo. Siwalaumu wao, wala silaumu mashirika. Naeleza hali ilivyo ili tusijidanganye.

Kuna na jambo linalotuhusu sisi wenyewe tunaopokea mshahara. Wengi wetu tumejenga kwa mikopo ya benki, na katika mkopo huo tumekatwa fedha ya bima. Mtu hurudi nyumbani akidhani nyumba yake imekingwa. Yafaa asome karatasi zake upya. Aghalabu bima ile ni ya mkopo wenyewe: mkopaji akifariki au akipata ulemavu, deni hulipwa. Paa likiondoka na upepo, bima ile haina la kusema. Hata ile bima ya moto ambayo baadhi yetu tunayo, sharti mtu aulize kwa maandishi kama dhoruba na mafuriko yamo ndani yake, kwa kuwa mara nyingi hayo ni nyongeza inayolipiwa mbali. Nawaomba kila mmoja alifanye jambo hili kabla ya masika ijayo. Mwalimu asiyejua bima yake mwenyewe atamwelezaje jirani?

MSAADA SI FIDIA

Sasa tuingie katika sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2015. Sheria hiyo imeweka kamati za usimamizi wa maafa tangu ngazi ya taifa, mkoa na wilaya, hata kata na kijiji. Katika ngazi ya taifa kazi hii huratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia Idara ya Menejimenti ya Maafa. Kwa hiyo mwananchi wa Baleni aliyeangukiwa na nyumba hana haja ya kutafuta nauli ya kwenda kuomba mjini. Mlango wake uko hapa hapa kijijini, nao unaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na afisa mtendaji wa kijiji.

Lakini yafaa ieleweke, na ninyi mna wajibu wa kuwaeleza wananchi bila ya kuwaficha, kwamba msaada wa maafa si fidia. Serikali ikitwaa ardhi ya mtu kwa ajili ya barabara au bandari, hapo mtu hulipwa fidia kwa kipimo cha sheria. Upepo ukitwaa nyumba yake, hakuna aliyeitwaa, na kwa hiyo hakuna deni. Kinachokuja ni msaada, na msaada hutegemea mambo mawili: uwezo uliopo na ushahidi uliopo. Uwezo hauko mikononi mwetu hapa. Ushahidi uko mikononi mwetu, na hilo ndilo jambo nililokuja kulisema.

Tutazame yaliyokwisha kutokea katika nchi yetu. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliwakumba wakazi wa mabondeni jijini Dar es Salaam, na Serikali ikawapatia viwanja Mabwepande. Mara likazuka swali gumu: nani alikuwa mwenye nyumba na nani alikuwa mpangaji? Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera. Michango ilikuja kutoka kila upande, lakini Serikali ilieleza kwamba haitaweza kumjengea kila mwananchi nyumba yake, na nguvu zikaelekezwa kwanza kwenye majengo ya umma, miongoni mwake Shule ya Sekondari Ihungo. Wananchi wengi walijijengea wenyewe. Kisha tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu 89 wakapoteza maisha. Safari hii, mwezi Desemba 2024, waathirika walikabidhiwa nyumba mpya 109 katika eneo la Waret, zilizojengwa na Serikali pamoja na wahisani, Chama cha Msalaba Mwekundu kikiwa mmoja wao.

Basi tunaona maafa matatu yaliyopata majibu matatu: viwanja, majengo ya umma, na nyumba za kuishi. Hapana anayeweza kumwahidi mwananchi wa Mafia ni jibu lipi litakalomfikia yeye. Lakini tukumbuke kwamba hesabu ya nyumba 109 haikupatikana kwa kukisia. Ilitokana na orodha: huyu nyumba yake imekwisha kabisa, huyu yaweza kutengenezwa, huyu alikuwa akiishi hapa na watoto kadha wa kadha. Palipo na orodha nzuri, mwenye kutoa hujua pa kuanzia. Pasipo na orodha, hata mwenye moyo wa kutoa husita.

KOSA NILILOLIFANYA

Ndugu zangu, msinione kama mtu anayehubiri asilolijua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye ajira mpya, nilitumwa katika kijiji kimoja cha bara, ambacho sitakitaja, kuandika nyumba zilizoangushwa na mafuriko. Nilipewa daftari na siku mbili. Njia zilikuwa tope tupu. Nikaweka meza mbele ya ofisi ya kijiji, nikatangaza kwamba kila aliyepatwa na hasara aje ajiandikishe. Watu wakaja, nikaandika, nikafunga daftari, nikarudi nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Baada ya wiki kadhaa yakaletwa mabati, mablanketi na unga. Nikatumwa mimi tena kusoma majina. Nilipomaliza, bibi mmoja mtu mzima, aliyeshikwa mkono na mjukuu wake, akanijia na kuniuliza mbona hakusikia jina lake. Siku zile mbili alikuwa amechukuliwa na nduguze katika kijiji cha pili, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kulala. Yaani hakuandikwa kwa sababu hasara yake ilikuwa kubwa mno hata hakuweza kubaki kijijini. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: "Bibi, jina lako halimo." Akanitazama, akasema: "Mjukuu wangu, hebu niambie wewe uliyesoma. Nyumba yangu ilianguka, au haikuanguka?"

Sikuwa na jibu. Nyumba ilianguka, kila jirani aliijua. Lakini katika karatasi ya Serikali haikuanguka, na mabati yaligawiwa kwa kufuata karatasi. Kosa halikuwa la sheria, wala la bajeti, wala la mvua. Lilikuwa langu mimi niliyekaa kwenye meza badala ya kutembea. Tangu siku hiyo naamini kwamba kwa mtu asiye na bima, jina lake katika daftari ndiyo bima pekee aliyo nayo, na mwenye kalamu ndiye wakala wake.

KAZI YETU

Je, tufanye nini? Nitaeleza mambo machache ambayo hayahitaji fungu jipya la fedha.

Kwanza, tuandike kabla ya dhoruba. Kila kijiji hutakiwa kuwa na rejista ya wakazi. Rejista hiyo iongezwe habari za nyumba: nani mwenye nyumba, nani mpangaji, watu wangapi hulala humo, kuta ni za nini, paa ni la nini, na nani mgonjwa, mlemavu au mzee asiyeweza kukimbia. Wenye hakimiliki ya kimila, iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, namba zao ziandikwe. Siku hizi karibu kila nyumba ina mtu mwenye simu ya kupigia picha. Picha moja ya nyumba ikiwa imesimama, mwenyewe akiwa mlangoni, itamaliza ubishi wa miezi sita. Nakala ya rejista ihifadhiwe shuleni, na nyingine wilayani, kwa maana ofisi ya kijiji nayo ina paa.

Pili, baada ya dhoruba tutembee. Tusingoje watu waje mezani. Siku tatu za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa kuwa baadaye watu huanza kutengeneza na alama hufutika. Wala tusimzuie mtu kutengeneza nyumba yake ati kwa kungoja mkaguzi. Ipigwe picha, iandikwe, mtu aendelee na maisha. Kila nyumba iwekwe katika daraja lake: iliyoanguka kabisa, isiyokalika, inayoweza kukaliwa baada ya matengenezo, na iliyoharibika kidogo. Majirani wawili washuhudie. Waliohama kwa muda waulizwe walikokwenda, na waandikwe kana kwamba wapo.

Tatu, orodha isomwe hadharani. Ibandikwe katika ubao wa ofisi ya kijiji, kisha isomwe katika mkutano wa kijiji, ili aliyesahauliwa aseme na aliyejipenyeza aonekane. Orodha iliyofichwa huzaa manung'uniko hata ikiwa ya haki, na manung'uniko hayo hubaki kijijini muda mrefu baada ya mabati kwisha. Katika mkutano huo huo wananchi waelezwe waziwazi kwamba kuandikwa hakumpi mtu ahadi ya kupata. Mwananchi hukasirishwa na kudanganywa zaidi kuliko anavyokasirishwa na kunyimwa.

Nne, orodha isafiri haraka: kutoka kijijini kwenda kata, kutoka kata kwenda Halmashauri ya Wilaya, na kuendelea. Iwe na tarehe na sahihi, na ofisi inayoipokea igonge mhuri katika nakala inayobaki. Mtendaji asiye na nakala yenye mhuri hana cha kumwonyesha mwananchi atakayekuja kuuliza, wala hana cha kumwonyesha mkubwa wake.

Tano, tusaidie kujenga upya. Baada ya upepo watu huhitaji nguzo, fito, makombamoyo na boriti, na wengi macho yao huelekea kwenye mikoko. Mikoko ni hifadhi na haikatwi bila ya kibali, nayo ndiyo ngao ya pwani dhidi ya mawimbi yanayokuja na dhoruba. Anayeikata ovyo leo aivunja nyumba yake ya kesho. Lakini mwananchi anayelala nje hawezi kungoja kibali mwezi mzima. Yafaa maafisa wanaohusika wakubaliane mapema juu ya utaratibu wa vibali wakati wa maafa. Na minazi iliyoanguka itumike: mti wake ni mbao na nguzo, na makuti yake ni paa. Tusisahau tu kwamba mnazi mchanga utakaopandwa mahali pake utachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo hasara ya minazi nayo iandikwe, kwa maana hiyo ndiyo fedha ambayo mwenye nyumba angejengea.

Nanyi walimu, mna nafasi ya pekee. Majengo yenu ndiyo mara nyingi imara kuliko yote kijijini, na watu watakimbilia kwenu. Mnawajua watoto kwa majina, mnajua kila mmoja atoka nyumba gani, na mtoto asipofika darasani siku ya tatu ninyi ndio wa kwanza kugundua kwamba kuna nyumba imesahauliwa. Wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kufanywa wahesabuji wazuri wa nyumba za kitongoji chao, nao watajifunza hesabu na uraia kwa pamoja. Waweza pia kufundishwa kwamba kuifunga paa kwa kamba imara, kukata matawi yaliyoelemea nyumba na kuzibua mfereji wa maji kabla ya masika ni kazi ya jioni moja, ambayo huokoa jasho la mwaka mzima.

Ndugu zangu, kujitegemea hakuna maana ya kumwacha mnyonge ajitegemee peke yake. Maana yake ni kwamba sisi tulioko hapa tufanye yale yaliyo katika uwezo wetu, ili wale walioko mbali wakitaka kusaidia wasikute tumelala. Ushirikiano wa wazee wetu wa kuezekeana nyumba haujafa. Misikiti, vikundi vya akina mama na vyama vya kuweka na kukopa vinaweza kuanza siku ile ile ya kwanza, kabla boti haijafika Kilindoni. Lakini navyo vitauliza swali lile lile: ni nani, na yuko wapi?

Siku moja masika itakuja na upepo ambao hautapungua nguvu baharini. Baadhi ya nyumba za Baleni zitaanguka. Hilo hatuwezi kulizuia kabisa. Jambo tunaloweza kulizuia ni bibi mmoja kusimama mbele ya mtumishi wa umma na kuuliza kama nyumba yake ilianguka au haikuanguka. Kila mmoja wenu arudi leo kituoni kwake aulize: rejista yetu iko wapi, na mara ya mwisho ilifunguliwa lini?